Kukagua nyumba ya wazee waliokuwa askari: anza na yule asiyeweza kukuita

Familia nyingi za Lubumbashi zinazokwenda kutazama nyumba ya wazee kabla ya kumpeleka baba yao huishia sebuleni. Viti vya plastiki vimefutwa, sakafu inanukia sabuni, na wazee wawili watatu wenye nguvu wanawapokea wageni kwa saluti. Mkuu wa nyumba anaeleza chakula cha wiki, anataja malipo ya mwezi, na familia inarudi mtaani kwake, Katuba au Kampemba, ikiwa imetulia. Haijaona kitu. Mzee anayeweza kutembea hadi sebuleni na kuwasimulia wageni habari za zamani angeishi karibu popote. Ukitaka kujua nyumba, nenda chumba cha mwisho cha korido, kwa mzee asiyeweza kujigeuza, asiyeweza kuita, na asiyetembelewa na ndugu. Akiwa mkavu, ameshiba na ngozi yake ni nzima, huna sababu kubwa ya kuwahofia wengine. Haya yote ninayoyaandika ni yale ambayo kazi ya kuwahudumia wazee na kuzikagua nyumba zao imenifundisha, na yote yanamhusu huyo.

Kwanza muda. Siku rasmi ya wageni haifai kwa ukaguzi. Nenda jua linapozama, au Jumapili asubuhi wakati wafanyakazi wengi wako kanisani, au alfajiri kabla zamu ya usiku haijaondoka. Omba kuona ratiba ya zamu, kisha hesabu watu kwa macho yako. Wameandikwa wanne, umewaona wangapi? Usiku ndipo nyumba nyingi zinapovunjika. Mhudumu aliyebaki peke yake hawezi kumgeuza mwanaume wa kilo 70 bila kumburuta, na kuburutwa kunachana nyama kwa ndani, mfupa ukienda huku na ngozi ikibaki imenaswa na shuka. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mkuu wa nyumba ni hili: usiku, watu wangapi wako macho kwa wakati mmoja katika jengo hili? Mmoja ni jibu baya, hata kama wazee ni 12 tu.

Ukiambiwa kuna mhudumu mmoja kwa wazee 10, usikubali wala usikatae mpaka ujue wazee hao wanaweza nini. Kipimo cha Katz, kilichotolewa mwaka 1963, kinauliza mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Kila jambo ambalo mzee analifanya bila msaada mpe alama 1. Mwenye 6 anajitegemea. Mwenye 2 au chini ya hapo anahitaji mikono ya mtu mchana na usiku. Pita kitanda kwa kitanda na karatasi, haichukui muda mrefu. Nyumba mbili zinaweza kuwa na wazee 20 kila moja. Ikiwa hii ina 4 wenye alama 2 kushuka chini na ile ina 14, idadi ileile ya wahudumu itatosha hapa na kule itaua. Chukua kulisha peke yake. Mzee anayelishwa kwa kijiko anahitaji dakika 20 hadi 30, mara nyingine zaidi. Wakiwa 6 kwa mhudumu mmoja, hizo ni saa mbili hadi tatu kwa mlo mmoja. Wa mwisho atakula bukari (ugali) iliyoganda, au atasukumiwa matonge hadi apaliwe.

Sasa ngozi, na hapa usiwe na haraka. Omba ruhusa kwa mzee mwenyewe: "Jambo, Baba. Naomba tuangalie mgongo wako pamoja na muuguzi." Hata kama hajibu, mwambie kabla ya kumgusa. Angalia pia kama muuguzi naye anamwambia, au anafunua blanketi tu kana kwamba anafunua meza. Kagua visigino, vifundo vya miguu, nyonga, mfupa ulio juu ya mpasuko wa makalio, viwiko, kisogo, na masikio ya anayelala ubavu. Mafunzo mengi yanasema tafuta wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na wahudumu waliofundishwa hivyo tu huandika "ngozi nzuri" mpaka siku kidonda kinapofunguka. Tumia mgongo wa mkono. Mahali palipo na joto au ubaridi kuliko pembeni yake, palipokuwa pagumu au pateketeke, penye rangi ya zambarau au weusi uliozidi, au panapomfanya mzee akunje uso ukipagusa, hapo kidonda kimeshaanza chini. Kikifunguka, tundu dogo juu linaweza kuficha pango pana karibu na mfupa.

Sababu ni rahisi kuielewa: mfupa na godoro vinaibana nyama katikati, damu haipiti, nyama inakufa. Mkojo unailainisha ngozi, njaa inazuia kupona. Kwenye godoro la kawaida mzee asiyejigeuza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi. Kwenye godoro zuri la sponji nzito inaweza kufika saa 4, ngozi ikivumilia. Alazwe kwa mwinamo wa digrii 30 upande mmoja, kisha mgongo, kisha upande wa pili, mto ukiwa katikati ya magoti na mwingine chini ya vigimbi ili visigino vielee hewani. Kumlaza ubavu kabisa, digrii 90, kunahamishia uzito wote kwenye nyonga. Omba karatasi ya kugeuza. Kugeuzwa kila saa 2 ni alama 12 kwa siku nzima. Ukikuta wiki mbili zimejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, saa kamili bila hata dakika moja ya kuchelewa, jua kwamba karatasi ilijazwa mezani. Karatasi ya kweli ina mapengo, ina wino tofauti, na mahali fulani mtu ameandika "alikataa" au "alikuwa bafuni".

Godoro nalo lijaribiwe. Mzee akiwa amelala, pitisha mkono wako chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, hadi usawa wa makalio yake. Ukihisi mwili wake karibu na kiganja, yaani sponji iliyobaki ni chini ya sentimita 2 na nusu, godoro hilo limekufa na mzee analala juu ya mbao. Ugunduzi mwingine wa kusikitisha ni mto wa duara wenye tundu katikati, ambao familia hununua kwa upendo wakidhani unaokoa makalio. Unabana damu kuzunguka tundu na kukifanya kidonda kikue. Uondolewe. Kusugua mahali palipoanza kuumia, iwe kwa spiriti au mafuta, kunazichana nyama ambazo tayari zimechoka.

Toka nje uangalie kamba za kufulia. Nyumba yenye wazee 7 wasiozuia mkojo inapaswa kuwa na angalau mashuka 7 yaliyoanikwa kila asubuhi, pamoja na vitambaa au nguo zao. Kamba ikiwa na mashuka mawili, mengine yako wapi? Yako kitandani, yamegeuzwa upande. Pua pia inasaidia, ila ni lazima ujue unanusa nini. Harufu ya mkojo wa sasa hivi haimhukumu mtu, wazee hukojoa. Harufu kali ya zamani, ile inayochoma macho, imeshaingia kwenye sponji na maana yake ni miezi. Na javeli, dawa ya klorini ya kusafishia, inayokukaba koo langoni mara nyingi imemwagwa kwa ajili yako. Uliza maji yanatoka wapi siku ambayo Regideso, shirika la maji, haitoi: kuna tangi, kisima, madumu mangapi? Mzee wa kitandani anayefuliwa na kuogeshwa vizuri hutumia maji mengi, na nyumba isiyo na akiba huanza kubana kwake kabla ya jikoni. Anayetumia pampasi na haji chooni kabisa atahitaji 4 au 5 kwa saa 24. Gawa idadi ya pampasi zilizonunuliwa mwezi uliopita kwa idadi ya wazee wanaozitumia; hesabu hiyo inaongea kuliko mkuu wa nyumba.

Mpira wa mkojo, ambao hapa watu wengi wanauita sonda, una maswali yake matatu. Uliwekwa kwa nini? Lini? Mfuko umening'inia wapi? Tezi dume iliyoziba njia ni sababu. Kukosa mtu wa kumpeleka chooni si sababu, na bado ndiyo inayokutwa mara nyingi. Ule wa lateksi hubadilishwa ndani ya wiki 4 hivi, wa silikoni tupu unaweza kufika wiki 12. Tarehe iandikwe kwenye faili na kwenye mfuko. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Ukiuona umewekwa juu ya tumbo la mzee wakati anasukumwa kwenye kiti, mkojo unarudi kibofuni na wadudu wake.

Chakula kinahitaji hesabu kidogo. Mzee wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku, zaidi kama ana kidonda. Unga wa mahindi gramu 300, ambao ni bukari ya siku nzima kwa wengi wao, unatoa karibu gramu 24. Majani ya matembele na lengalenga ni mazuri kwa mengine, protini yake ni ndogo. Yai moja ni gramu 6. Kikombe cha maharagwe yaliyopikwa ni karibu 15. Ndakala, wale samaki wadogo, wakavu gramu 30 ni kama 18. Kwa hiyo sahani ya bukari na majani mara mbili kwa siku inamkausha mzee polepole, hata kama tumbo limejaa na hakuna anayelalamika njaa. Wengi hawana meno: ndakala zitwangwe ziwe unga na zichanganywe kwenye sombe (majani ya muhogo) yenye karanga, maharagwe yapondwe. Nyumba inayojua kazi yake ina kinu jikoni na mtu anayejua nani apondewe.

Uliza uzito. Kila mzee apimwe kila mwezi, na kushuka kwa asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, au 10 ndani ya miezi sita, kumwite muuguzi. Kwa kilo 60 hiyo ni kilo 3 za mwezi. Asiyeweza kusimama kwenye mizani apimwe kigimbi kwa utepe wa fundi cherehani, mahali kilipo kinene zaidi. Chini ya sentimita 31 nyama zake zimepungua. Miguu iliyovimba isikudanganye ukadhani amenenepa: bonyeza juu ya mfupa wa muundi, tundu la kidole likibaki hayo ni maji.

Saa za kula zina hatari ambayo watu hawaioni. Ili kukwepa kukatika kwa umeme wa Snel, au ili wapishi warudi nyumbani mapema, chakula cha jioni huwekwa jua likiwa bado juu, na uji huja asubuhi iliyochelewa. Kati yake ni saa 15 au 16. Kwa mzee mwenye kisukari anayemeza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, sukari hiyo inaweza kushuka sana kabla ya alfajiri. Anaamka amechanganyikiwa, ametoa jasho, anatafuta mlango, anaanguka. Asubuhi faili linasema "alizunguka usiku, uzee". Pengo kati ya mlo wa mwisho na wa kwanza lisizidi saa 12 hadi 14, na wenye kisukari wapewe kitu kabla ya kulala. Kuhusu kunywa, lengo la lita 1 na nusu kwa siku, yaani vikombe 6 vya mililita 250, linawafaa wengi ambao daktari hajawapunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo. Nyumba zenye watu wachache wa usiku huwanyima wazee maji kuanzia alasiri ili wasikojoe. Usifinye ngozi ya mkono kutafuta upungufu wa maji. Kwa mzee ngozi hubaki imesimama hata akiwa amekunywa. Angalia ulimi, mkojo wenye rangi ya chai, na akili iliyobadilika ghafla. Na angalia kikombe kiko wapi: kikombe kilichojaa kwenye meza asiyoifikia ni sawa na hakuna.

Anayekohoa kila akinywa, au sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kumeza, chakula kinaelekea mapafuni. Akae wima wakati wa kula na nusu saa baada yake. Uji mzito kidogo humezwa kwa usalama kuliko maji matupu.

Dawa: chagua mzee mmoja bila kutangaza, fungua kopo lake, hesabu. Kama alipewa vidonge 30 tarehe 1, kimoja kila siku kuanzia siku hiyo, jioni ya tarehe 18 vinapaswa kubaki 12. Vikibaki 20, hapewi. Vikibaki 5, vimegawiwa kwa mwingine. Kila kopo liwe na jina la mtu. Dawa ya kutoa maji, furosemidi, ikitolewa jioni inamwamsha mzee mara nne gizani, na safari hizo ndizo zinazovunja nyonga. Wakati wake ni asubuhi. Insulini isiyofunguliwa inahitaji digrii 2 hadi 8, kwa hiyo friji isiyo na umeme si mahali pake. Chupa iliyofunguliwa huhimili wiki 4 hivi pakiwa na ubaridi wa wastani, na chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wenye maji ukiwa katikati yao, hufanya kazi hiyo vizuri Septemba na Oktoba, joto linapokaza. Lingine la kutazama kwa makini: ukifika asubuhi saa ambayo watu wazima wote wako macho na ukakuta nusu ya sebule imelala vitini midomo wazi, uliza kuhusu diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza. Kwa wazee dawa hiyo hukaa mwilini siku nyingi, kidonge cha leo kinarundikana juu ya cha jana, na anayeitwa "mtulivu" huwa amelevywa.

Omba kitabu cha kuanguka. Nyumba yenye wazee 20 ambayo kitabu chake ni cheupe mwaka mzima inanitia hofu kuliko yenye maandishi: ama haiandiki, ama imewafunga. Tafuta kitenge kilichozungushwa kiunoni na kufungwa nyuma ya kiti, na alama za kubana kwenye vifundo vya mikono. Kisha tembea njia ya choo usiku, wewe mwenyewe, bila tochi. Taa ndogo ya jua ukutani, chuma cha kushika kando ya choo, kitanda ambacho mzee akikaa ukingoni nyayo zinakanyaga sakafu, viatu vilivyofunika kisigino badala ya kandambili. Hayo ni ya bei nafuu na yanazuia mengi. Aliyeanguka na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeukia nje asinyanyuliwe kwa makwapa. Huo ni mfupa wa nyonga uliovunjika hadi picha ya eksirei ikatae.

Juni na Julai usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya digrii 10, tuko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Blanketi mbili kwa kila mzee, soksi, dirisha lililoziba. Mbabula (jiko) ya makaa isiingizwe chumba cha kulala hata kama imebaki majivu mekundu tu: hewa yake haina harufu na inaua watu waliolala.

Sasa yale ya askari. Jiji hili lina wazee waliopita majeshi tofauti: waliokuwa vijana katika jandarmeri, jeshi la Katanga iliyojitenga, kati ya 1960 na 1963, waliotumikia ANC, jeshi la taifa la Kongo, iliyogeuka FAZ, jeshi la Zaire, mwaka 1971, waliokuwa upande huu au ule katika vita vya Shaba (jina la Katanga wakati huo) vya 1977 na 1978, walioingia na AFDL, muungano wa Laurent Kabila uliomwangusha Mobutu, mwaka 1997. Watu waliorushiana risasi Kolwezi wanaweza kupangiwa vitanda vinavyotazamana. Uliza nani anapanga vitanda na kwa kufuata nini. Jibu zuri linaonyesha kwamba mzee aliulizwa alitumikia wapi na lini, na kwamba asiyetaka kusema aliachwa. Jibu "wote ni wazee tu hapa" linaandaa ugomvi wa usiku, na ugomvi wa wenye magongo huacha vichwa vimepasuka.

Kumwamsha kuna namna yake. Mhudumu asimame upande wa miguu, amwite kwa jina au cheo, "Ajida, kumekucha", asubiri macho yafunguke. Anayemshika begani gizani mzee mwenye ndoto za vita atapigwa, na kesho yake faili litasema mzee ni mkali, na kesho kutwa atapewa diazepamu. Mnyororo huo huanza na mkono mmoja uliowekwa vibaya. Kitanda kinachotazama mlango kinawatuliza wengi. Mlango uliofungwa kwa kufuli unawatia wazimu. Kuanzia Novemba hadi Machi radi zetu ni kali, na zamu ya usiku iwajue kwa majina wale wanaojificha chini ya kitanda zinapopiga, iende kwao mapema na taa.

Masikio yao yaliharibiwa na bunduki na mizinga. Mzee asiyejibu anahesabiwa kuwa amepoteza akili, kumbe hasikii. Nta itolewe kwanza, kisha mhudumu akae mbele yake, aongee kwa sauti nzito na ya polepole. Kupiga kelele nyembamba hakusaidii, sauti za juu ndizo zilizopotea. Aliyekatwa mguu, kagua kigutu chake kila siku kama unavyokagua kisigino, na raba za chini ya magongo, ambazo zikiisha huteleza kwenye saruji yenye maji. Fundi wa viatu anaweza kuzikata kutoka tairi kuukuu. Vipande vya chuma vilivyobaki mwilini viandikwe mwanzo wa faili, kwa ajili ya daktari atakayemwandikia kipimo cha sumaku (MRI) siku moja.

Kisha lutuku, pombe kali ya kienyeji. Wengi walikunywa kila siku kwa miaka. Nyumba inayojisifu kwamba imekataza pombe kuanzia siku ya kwanza, uliza inafanya nini siku ya pili, ya tatu na ya nne. Aliyezoea kunywa sana akikatishwa ghafla hutetemeka ndani ya siku moja, kisha huweza kuona wadudu na watu wasiokuwepo, kupata degedege, na kufa. Hapa watasema malaria imepanda kichwani, au amerogwa. Apimwe malaria, ndiyo, lakini daktari aambiwe habari za pombe siku anapopokelewa, na vitamini B1 itangulie kabla ya maji ya sukari. Hapo diazepamu ina kazi yake halali, kwa vipimo vya daktari na kwa siku chache.

Unapoongea na wazee, mhudumu asiwepo. "Wanakutunza vizuri?" ni swali la kumtia mtu hatarini na atajibu ndiyo. Uliza jambo moja la jana: "Baba, usiku ulipotaka choo, nani alikuja? Ulisubiri mpaka lini?" Uliza nani anamwogesha, na pazia huwa wapi. Mzee wa miaka 80 anayesimamishwa uchi mbele ya msichana wa umri wa mjukuu wake, mlango wazi, hatakuambia. Ataacha tu kuoga, na wataandika kwamba anakataa maji. Sikiliza majina: wanamwita Papa, Mzee, Sajini, au "yule wa sonda"? Na waulize wahudumu, kwa faragha pia, mshahara wa mwisho walipokea lini. Nyumba isiyowalipa watu miezi mitatu huishia kuwalipa kwa sabuni, mafuta na ndakala za wazee. Siwalaumu wahudumu hao kama ninavyomlaumu anayewaweka hapo.

Pesa za pensheni ziwe na daftari kwa kila mzee: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kazi yake, saini mbili, moja ya mtu asiye mfanyakazi wa nyumba, kwa mfano wa parokia au wa familia. Kadi na medali zikae anapozijua yeye. Mwenye akili timamu aliyeambiwa "pesa zako zipo" bila kuonyeshwa daftari anaibiwa au ataibiwa.

Ukimaliza, andika uliyoyaona kwa vipimo: kidonda sentimita ngapi, kilo ngapi, vidonge vingapi. "Usafi mdogo" hakumlazimishi mtu kufanya chochote. Mpe mkuu wa nyumba nakala, mkubaliane mambo matatu na tarehe, usimpe ishirini. Wiki mbili zinatosha kuona karatasi ya kugeuza ikianza kuwa na miandiko tofauti na kidonda kikianza kupungua ukubwa. Visipobadilika, peleka nakala kwa daktari mkuu wa zoni ya afya na kwa Divisheni ya Mambo ya Kijamii ya jimbo. Alama za kupigwa au kufungwa hazisubiri wiki mbili. Kumhamisha mzee ni uamuzi mzito, kwa kuwa anayetolewa ghafla mahali alipopazoea huweza kuchanganyikiwa siku kadhaa. Ahame asubuhi, pamoja na mto wake na mtu anayemjua, na faili liwe na orodha ya dawa na saa zake, uzito wa mwisho, ukubwa wa kila kidonda, jinsi anavyomeza, upande anaopendelea kulalia, sikio linalosikia, na jinsi ya kumwamsha.